Mimi namsifu aliyebaki akiruka

Kuna tukio moja la sinema ambalo limenichosha kabisa. Mfungwa anajibwaga sakafuni, anajishika tumbo, anatoa povu. Mwenzake anapiga kelele, "Anakufa huyu!" Mlinzi anakuja mbio, funguo zikilia kiunoni, anafungua seli bila kuuliza wala kumwita mwenzake, na kabla hajainama vizuri keshapigwa kigongo cha kisogo. Dakika mbili baadaye watu wako nje ya ukuta.

Mimi siamini. Mlinzi aliyefanya kazi hiyo hata mwaka mmoja keshaona matumbo ya uongo mpaka yamemkinai. Ukimpigia kelele unamwamsha, tena unamwamshia na wenzake. Kelele ni king'ora.

Michezo ya kuzuga ambayo kweli ilifaulu, ile iliyoandikwa katika kumbukumbu za vita na za magereza, mingi ingechosha watazamaji wa sinema. Ni mambo yaleyale, saa ileile, mahali palepale, siku baada ya siku, mpaka mlinzi anaacha kuyaona ingawa yako mbele ya pua yake. Na kila ninapoisoma najikuta namwacha aliyetoroka aende zake, namtafuta yule aliyebaki nyuma akiuendeleza mchezo. Kwa maoni yangu sifa tumezigawa vibaya.

Twende Stalag Luft III, mwaka 1943, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea. Kambi hii ya jeshi la anga la Ujerumani ilikuwa karibu na mji wa Sagan, ambao leo uko Poland na unaitwa Żagań. Humo walifungwa marubani na wanaanga wa nchi zilizopigana na Ujerumani, waliodunguliwa vitani. Wajerumani walikuwa wameshatorokwa mara nyingi katika kambi nyingine, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo hii waliijenga kwa akili. Mabweni yaliinuliwa kutoka ardhini ili askari aweze kuchungulia chini yake. Udongo wa juu ulikuwa wa kijivu, lakini ukikwangua kidogo unakuta mchanga wa njano, kiasi kwamba konzi moja ya mchanga ikimwagwa uwanjani inajitangaza yenyewe. Kuzunguka kambi walifukia vinasa sauti vya kusikiliza mtikisiko wa uchimbaji. Tena mabweni yaliwekwa mbali na seng'enge, ili anayechimba kuanzia chini ya kitanda chake awe na safari ndefu.

Wafungwa wawili, Michael Codner na Eric Williams, waliligeuza swali. Kama tatizo ni umbali kutoka bwenini mpaka kwenye uzio, kwa nini tundu lisianzie karibu na uzio? Pale uwanjani, peupe, chini ya mnara wa mlinzi?

Akaundwa farasi wa mazoezi, lile sanduku la mbao ambalo wanamichezo hukimbia wakaliruka. Mbao nyembamba zilitoka kwenye makasha ya vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Farasi huyo alikuwa na uwazi tumboni wa kutosha mtu, baadaye watu wawili. Kila alipotolewa alibebwa kwa miti mpaka mahali palepale, akawekwa chini, na wanaume wakaanza kukimbia na kuruka, kukimbia na kuruka. Tumboni, mtu alikuwa anafukua udongo wa kijivu, anainua ubao uliofunika mdomo wa shimo, anaingia na kuchimba. Mchanga wa njano ulijazwa kwenye mifuko na kuning'inizwa ndani ya farasi. Kabla ya kumaliza, ubao ulirudishwa, udongo wa kijivu ukatandazwa juu, na farasi akabebwa kurudi akiwa mzito kuliko alivyokuja. Wabebaji nao walitakiwa watembee kama watu waliobeba sanduku tupu. Hilo peke yake ni uigizaji.

Sasa mtazame mlinzi juu ya mnara. Hakuzibwa macho na mtu yeyote. Aliona kila kitu: farasi anavyotoka, anapowekwa, wanaoruka, wanavyoanguka, wanavyochekana. Akitaka kuhesabu miruko angeweza. Vinasa sauti navyo vilikuwa vinafanya kazi yake, ila vilichosikia ni vishindo vya miguu ya watu wanaotua. Baada ya majuma kadhaa, nadhani kitu pekee ambacho kingemshtua mlinzi ni siku ambayo farasi asingetoka.

Mchezo huo ulichukua takriban miezi mitatu. Njia ya chini ya ardhi ilipita mita 30, ikichimbwa bila taa na kwa vyombo vya kubahatisha, mchimbaji akitoboa vitundu vya hewa kwa kusukuma fimbo ya chuma juu mpaka nje. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1943 walitoka watu watatu: Williams, Codner, na Oliver Philpot aliyeingizwa katika mpango baadaye. Wote watatu walifika Sweden, nchi ambayo haikuwa vitani. Philpot alisafiri kwa treni akijifanya mfanyabiashara wa majarini wa Kinorwe, na hiyo nayo ni habari ya kuchekesha ambayo ningeiandikia makala yake.

Watatu walitoka. Walioruka ni wangapi? Watu wenye njaa, wanaotegemea vifurushi vya Msalaba Mwekundu kujazia mlo wa kambi, waliruka sanduku miezi mitatu ili wengine watatu waende. Siamini wote walikuwa wanapenda michezo.

Ukiuliza kwa nini mlinzi hakugundua, jibu rahisi ni kwamba alikuwa mzembe. Jibu hilo nalikataa. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambalo siku hizi limejulikana sana. Watu walionyeshwa video ya wachezaji wakipasiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa kama sokwe akapita mbele yao. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Na hawakuwa wamesinzia. Walikuwa wakihesabu kwa bidii, na bidii ndiyo iliyowapofusha.

Kwa sababu hiyo nadhani mlinzi mzembe ni hatari zaidi kwa mfungwa. Mzembe hatabiriki. Anaondoka lindoni kwenda kuvuta sigara, anapitia njia asiyotakiwa kupita, anakukanyaga mkono. Mlinzi makini ana ratiba na orodha ya vitu vya kutazama. Ukishaijua orodha yake, unampa vile vilivyomo, naye anaridhika.

Na wafungwa waliijua orodha. Katika kambi hiyohiyo ya Sagan, watu waliwekwa zamu ya kukaa karibu na lango na kuandika kila askari wa Kijerumani aliyeingia na aliyetoka, na saa zake. Mlinzi anamtazama mfungwa kwa saa za zamu yake, kisha anakwenda kulala. Mfungwa hana zamu. Anamtazama mlinzi mwaka mzima, anajua nani ana mguu mbovu, nani hupenda kupiga soga, nani huangalia saa yake mara kwa mara kwa sababu anasubiri kupokelewa. Ukiniuliza mimi nani mwangalizi hodari kati ya hawa wawili, sina haja ya kufikiri.

Gereza la Alcatraz, Marekani, lilikuwa na utaratibu wa kuhesabu wafungwa usiku. Askari anapita, anamulika, anaona kichwa kwenye mto, anaendelea. Basi Frank Morris na ndugu wawili, John na Clarence Anglin, wakampa vichwa. Walivifinyanga kwa vitu kama sabuni na karatasi, wakavipaka rangi ya ngozi na kuvibandika nywele halisi zilizookotwa kinyozini. Uchimbaji wa kuta ulifichwa na saa ya muziki, wafungwa wanapopiga vyombo vyao, kukiwamo kinanda cha mkono. Usiku wa tarehe 11 Juni 1962 waliondoka, na asubuhi askari walikuta vichwa visivyo na watu. Hawajaonekana mpaka leo, kwa hiyo kama walifika nchi kavu au walizama ni ubishi usioisha, nami siuingii. Anayenigusa ni wa nne, Allen West, aliyeshiriki maandalizi yote kisha tundu la seli yake likakataa kupanuka kwa wakati. Wenzake walikwenda. Yeye ndiye aliyebaki kuwaeleza wapelelezi jinsi ilivyofanyika.

Ngome ya Colditz huko Saxony, Ujerumani, walikofungwa maofisa mateka wa vita, ilipeleka maigizo mpaka mwisho. Tarehe 5 Januari 1942, Mwingereza Airey Neave na Mholanzi Tony Luteyn waliteremka kupitia tundu chini ya jukwaa la maigizo la wafungwa, wakatokea upande wa Wajerumani wakiwa wamevaa sare za kijerumani za kujishonea, wakatembea polepole kama maofisa waliochoshwa na kazi. Walifika Uswisi. Oktoba mwaka huohuo, kwa maelezo ya mfungwa mwingine, Pat Reid, bendi ya wafungwa ilipiga muziki huku kiongozi wake, Douglas Bader, akimwangalia mlinzi wa uani kupitia dirishani. Muziki ukikatika maana yake vuka. Mlinzi alikuwa anapata burudani ya bure, nayo ilikuwa inamhesabia hatua zake. Reid na wenzake watatu walifika Uswisi pia.

Mpaka hapa nimezungumzia kuzuga kwa mazoea. Ipo namna ya pili, ambapo chambo ni tamaa ya mtekaji mwenyewe. Tumeisikia utotoni: kima yuko mgongoni mwa papa, katikati ya bahari, anaambiwa moyo wake unatakiwa, naye anajibu kwamba moyo kauacha mtini. Papa anageuka mwenyewe, kwa hiari yake, na kumrudisha pwani. Hadithi ya watoto, lakini kanuni yake ilitumika mahali ambapo hapakuwa na mzaha wowote.

Sobibor ilikuwa kambi ya mauaji katika Poland iliyokaliwa na Wanazi. Wayahudi wasiopungua 167,000 waliuawa humo, wengi ndani ya saa chache tu baada ya kushushwa kwenye treni. Mamia kadhaa waliachwa hai kwa sababu ya kazi: mafundi cherehani, washona viatu, maseremala. Leon Feldhendler alikuwa akiongoza mpango wa siri wa kujiokoa, na Septemba 1943 akaletwa Alexander Pechersky, ofisa wa jeshi la Kisovieti. Katika muda wa majuma machache walipata mpango wenye msingi mmoja: maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walipenda vitu vizuri, na walifika kwa wakati.

Tarehe 14 Oktoba 1943, mchana ukielekea jioni, maofisa waliitwa mmoja mmoja kwenye karakana. Huyu aende kujaribu koti lake. Yule viatu vyake viko tayari. Kila mmoja kwa saa yake, kila mmoja peke yake. Johann Niemann, naibu mkuu wa kambi, aliingia kwa mafundi cherehani kupimwa nguo na akauawa kwa shoka. Wengine walifuata vivyo hivyo, mpaka takriban 11 wakawa wamekufa kabla siri haijafumka. Kisha watu wakakimbilia uzio na mabomu ya ardhini. Karibu 300 walitoka. Wengi walisakwa na kuuawa msituni na katika mabanda ya mashambani, na walioishi kuiona amani walikuwa wapatao 50.

Najaribu kumfikiria fundi yule mwenye sindano mkononi, akimwambia ofisa ageuke kidogo apimwe mabega, sauti isitetemeke. Maisha ya mamia yalining'inia kwenye ile sauti. Sinema za kigongo cha kisogo hazijui lolote kuhusu ujasiri wa namna hii. Na Sobibor haikuwa na nafasi ya mtu kubaki nyuma akiruka farasi. Waandalizi walijua kwamba atakayebaki atauawa, kwa hiyo mpango ulikuwa wa kambi nzima, la sivyo usiwepo kabisa. Ndiyo maana siwezi kuisoma kama nisomavyo habari za Sagan au Colditz, ambako kutoroka kulikuwa, kwa baadhi ya maofisa, karibu na mchezo wa heshima.

Si kila mateka aliyezuga alitaka kutoka. Jeremiah Denton, rubani wa Marekani aliyetekwa Vietnam Kaskazini, aliwekwa mbele ya kamera mwaka 1966 ili aonekane ametendewa vizuri. Akajifanya mwanga wa taa unamuumiza macho, akawa anakopekopea. Kope zake zilikuwa zinaandika neno "mateso" kwa Kiingereza, herufi moja moja, kwa alama za Morse, zile nukta na vistari vya simu za zamani. Mdomo ulikuwa unajibu maswali na watekaji walikuwa wanasikiliza mdomo. Alikaa kifungoni mpaka 1973.

Mabaharia wa Pueblo, meli ya jeshi la majini la Marekani, waliotekwa na Korea Kaskazini Januari 1968, walikuwa wakinyoosha kidole cha kati kwenye picha za propaganda na kuwaambia watekaji kwamba ni ishara ya bahati njema ya Hawaii. Ilifaulu, mpaka jarida moja la Marekani lilipoeleza maana yake. Walipigwa vibaya sana. Hapo nina neno kwa ndugu zangu waandishi: mzaha wa mateka haufai kufafanuliwa wakati mateka bado yuko mikononi mwa watu.

Nirudi kwenye ugomvi wangu wa sifa. Najua hoja ya kunipinga, tena ni nzito. Anayetoroka ndiye anayepigwa risasi. Machi 1944, kambi ileile ya Stalag Luft III, watu 76 walitoka kwa njia ya chini ya ardhi iliyochimbwa na mamia ya wenzao. Watatu tu walifika salama, 73 walikamatwa, na kati ya hao 50 waliuawa kwa amri iliyotoka kwa Hitler. Mtu akiniambia kwamba hatari ya hao hailinganishwi na hatari ya aliyekuwa anamwaga mchanga bustanini kupitia miguu ya suruali, nakubali bila kubishana.

Ila hatari siyo kipimo pekee. Anayetoroka ana nafasi ya kupata kitu: nyumba yake, mke wake, vita yake. Aliyebaki hapati chochote, na kesho yake kwenye gwaride la kuhesabiwa ndiye aliyesimama pale wakati walinzi wenye hasira wanagundua kwamba namba hazitimii. Kuna ujasiri wa kukimbia na kuna ujasiri wa kukaa ukijua utaulizwa. Huu wa pili hatuufanyii sinema, au tukiufanyia tunampa mhusika dakika nne halafu tunamwacha.

Nimfikirie Denis Goldberg, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Kesi ya Rivonia ilipokwisha Juni 1964, yeye, Nelson Mandela na wenzao walihukumiwa kifungo cha maisha. Wenzake walipelekwa kisiwa cha Robben. Yeye, kwa kuwa alikuwa Mzungu, ubaguzi ulimfuata mpaka gerezani, akafungwa Pretoria. Huko, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakaja vijana Tim Jenkin na Stephen Lee, waliofungwa mwaka 1978 kwa kusambaza vipeperushi vya ANC, chama cha ukombozi kilichopigwa marufuku. Jenkin alizitazama funguo za askari kwa macho, akachonga za mbao, akazijaribu moja baada ya nyingine mpaka milango ikamtii. Kazi ile ilichukua zaidi ya mwaka.

Funguo za mbao ndizo zinazosimuliwa, na zinastahili. Lakini usiku wa tarehe 11 Desemba 1979 bado kulikuwa na askari wa zamu ambaye hakuna ufunguo wa kumfungulia. Ilibidi mtu amvute aende upande mwingine na kumshughulisha wakati Jenkin, Lee na mfungwa mwenzao Alex Moumbaris wanapita. Mtu huyo alikuwa Goldberg. Alikuwa na miaka 15 ya kifungo nyuma yake na hukumu isiyo na mwisho mbele yake, na kazi yake usiku ule ilikuwa kumzungumzisha askari.

Watatu walivuka mpaka na mapema 1980 walikuwa Lusaka mbele ya waandishi wa habari pamoja na Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni. Baadaye Jenkin, akiwa London, ndiye aliyetengeneza mfumo wa mawasiliano ya siri ambao ANC iliutumia katika Operesheni Vula, mpango wake wa kuingiza viongozi nchini kwa siri. Nani atasema haikufaa atoke? Goldberg aliachiwa Februari 1985, baada ya karibu miaka 22 kwa jumla. Zaidi ya mitano kati ya hiyo aliitumikia baada ya usiku ule, katika mikono ya serikali ileile aliyoisaidia kuaibika.